Historia Iliyochorwa kwenye Gunia la Unga

Katika sebule nyingi za Lubumbashi ya miaka ya 1970 ulitundikwa mchoro wa kipigo. Mfungwa amelazwa chini, makalio wazi, askari Mwafrika amenyanyua kiboko, na bwana mkubwa wa Kibelgiji amesimama kando akitazama. Wafungwa wengine wamevaa nguo za mistari ya manjano na nyeusi. Bendera ya Ubelgiji inapepea juu ya mlingoti, na kwa herufi kubwa yameandikwa maneno mawili ya Kifaransa: Colonie belge. Mwenye nyumba aliununua mchoro huo kwa pesa ya mshahara wake, akautundika pale ambapo familia hukaa na wageni hukaribishwa.

Aliyezoea kuona sanaa kwenye makumbusho atashangaa. Nani huweka mateso ukutani, tena karibu na picha za harusi? Wateja wa michoro hii walikuwa wafanyakazi wa migodi ya Gécamines, makarani, walimu, watu wa biashara ndogo. Wengi walikuwa na baba au babu aliyekionja kiboko hicho mgongoni mwake. Walihitaji kitu ambacho mtoto akikiuliza, mzee anapata pa kuanzia kusimulia. Kwa Kiswahili cha Katanga michoro ya aina hii iliitwa ukumbusho, na thamani yake ilipimwa kwa jambo moja tu: je, inamfanya mtu aseme? Mchoro uliomwacha mtazamaji kimya haukuwa na kazi, hata kama rangi zake zinawaka.

Nataka kuonyesha jinsi mchoraji mmoja wa mji huo, Tshibumba Kanda Matulu, alivyoichukua sanaa hii ya sebuleni na kuandika nayo historia nzima ya nchi yake, Kongo, kazi ambayo leo inasomwa katika vyuo vikuu vya Ulaya na Marekani. Hoja yangu ni kwamba hakuiacha sanaa pendwa ili afike kwenye sanaa nzito. Mbinu alizotumia ni zilezile za sokoni. Uzito ulikuwamo ndani ya sanaa hiyo tangu mwanzo, na yeye alijua jinsi ya kuutoa.

Tuanze na karakana. Kitambaa chake kilikuwa pamba ya magunia ya unga, kimewambwa kwenye fremu ya vijiti vyembamba. Turubai ya dukani ilikuwa ghali, na mteja anayeishi kwa mshahara wa mgodini hawezi kulipia turubai. Bei ya chini inamlazimu mchoraji kufanya kazi haraka, na haraka inaamua mengi: mistari ya nje inakuwa wazi, rangi inapakwa bapa bila kuchanganywa sana, anga linakuwa ukanda mmoja, ardhi ukanda mwingine, na watu wanasimama mbele bila kufichana. Ukikitazama kitu hicho kwa jicho la chuo cha sanaa utasema mchoraji hajui kivuli wala umbali. Ukikitazama ukiwa umekaa kwenye kochi upande wa pili wa chumba, unaona kila kitu: nani anapiga, nani anapigwa, nani anaamuru. Mchoro umepimwa kwa ukubwa wa sebule.

Jambo la pili ni kurudia. Wachoraji wa Lubumbashi hawakutafuta kila siku wazo jipya. Walikuwa na hazina ya mada chache ambazo mteja alizijua kwa majina, na mwanaanthropolojia Johannes Fabian na mkewe Ilona Szombati, waliozichunguza wakati huo, waliona kwamba zinapangika kwa nyakati. Kulikuwa na mambo ya mababu, kama kijiji cha zamani na mfalme wa Kiluba. Kulikuwa na mambo ya zamani: misafara ya Waarabu wa biashara ya watumwa, Colonie belge, Lumumba, vita vya kujitenga kwa Katanga. Na kulikuwa na mambo ya sasa, kama bomba refu la moshi la kiwanda cha shaba na kilima cheusi cha mabaki yake, ambavyo hadi leo ni alama ya mji. Kando ya hayo yote alikuwapo mamba muntu, mwanamke mwenye mkia wa samaki, anayempa utajiri mwanamume atakayetunza siri yake.

Msomaji wa Pwani na asimame kidogo kwenye ule mchoro wa Waarabu. Sisi tumemsoma Tippu Tip akijieleza mwenyewe, kwa Kiswahili chake, katika tawasifu yenye safari, vita na hesabu za pembe. Mchoro wa Lubumbashi unasimama upande wa pili wa mnyororo. Kwangu mimi ni nusu ya habari ileile iliyokuwa inakosekana, na haikuja kwa njia ya kitabu.

Kurudia huku ndiko kulikowafanya wakosoaji waiite kazi hii bidhaa. Mchoraji anatoa Colonie belge leo, kesho anatoa nyingine, na zinafanana kama sahani za seti moja. Lakini fikiri kinachotokea mji mzima ukiwa na mchoro mmoja. Jirani akiingia kwako anaukuta ule alionao kwake, ila wako una askari watatu na wake una wawili, wako una mwanamke aliyebeba chakula cha mfungwa na wake hauna. Mazungumzo yanaanzia kwenye tofauti hiyo ndogo. Ndivyo hadithi simulizi zinavyofanya kazi, na ndivyo utenzi unavyofanya kazi: kisa kinajulikana, na ustadi unaonekana pale msimuliaji anapoongeza au kupunguza. Mchoro wa pekee usio na ndugu hauwezi kufanya hivyo.

Katika mji huohuo ilikuwapo sanaa nyingine, yenye heshima. Mwaka 1946 Mfaransa mmoja, Pierre Romain-Desfossés, aliyekuwa afisa wa jeshi la majini, alifungua karakana iliyokuja kujulikana kama Le Hangar, wakati mji ukiitwa Elisabethville. Aliwakusanya vijana wenye kipaji, akawapa vifaa, akawazuia wasiige uchoraji wa Ulaya, maana aliamini ndani yao kuna hisi safi ya Kiafrika isiyopaswa kuchafuliwa. Walitoka humo mafundi wakubwa kwelikweli. Pilipili Mulongoy alichora samaki, ndege na nyoka kwa nukta na mistari myororo kama nakshi. Mwenze Kibwanga aliujaza mchoro kwa mikwaju midogo ya brashi iliyopishana, mpaka mtu na ardhi vikawa kitambaa kimoja. Bela alichovya ncha za vidole kwenye rangi badala ya brashi. Kazi zao zilisafirishwa na kununuliwa ng'ambo, na bado zinapendeza.

Siwadharau hata kidogo. Ninachokiona ni kwamba wateja wa Le Hangar walikuwa Wazungu, na michoro yenyewe haina Mzungu. Haina kiboko, haina bendera, haina bomba la moshi la kiwanda lililokuwa likionekana kutoka kila kona ya mji. Sanaa iliyohesabiwa kuwa ya dhati ilipewa msitu na mto, na sanaa iliyohesabiwa kuwa ya mtaani ikabaki na historia. Anayepima uzito wa sanaa kwa hadhi ya ukuta inapotundikwa ajiulize, kati ya hizo mbili, ipi iliyobeba mzigo.

Tshibumba alizaliwa mjini humo mwaka 1947 na alikuwa akijipatia riziki kwa uchoraji wa ukumbusho. Mwishoni mwa 1973 alifika nyumbani kwa Fabian, Mjerumani aliyekuwa akifundisha chuo kikuu Lubumbashi, akiwa na michoro ya kuuza. Wakazungumza kwa Kiswahili. Fabian akatambua kwamba mtu huyu hakuwa mwuza picha tu: alijiona mwanahistoria, na alikuwa na hamu ya kuchora historia ya nchi yote kama angepata nafasi. Nafasi ikapatikana. Mpaka mwishoni mwa 1974 ilikamilika michoro 101, na kwa karibu yote alikaa mbele ya kinasa sauti akaisimulia kwa Kiswahili, kisha wakahojiana.

Hapa ufundi wake unahitaji kutazamwa kwa karibu. Alichofanya kwanza ni kupanga. Mchoro wa ukumbusho huishi peke yake ukutani, na kila mtazamaji hujaza mwenyewe kilichotangulia na kilichofuata. Tshibumba aliiondoa ile michoro kutoka kuta tofauti akaisimamisha kwenye mstari mmoja, kuanzia falme za kale na kuja kwa Wareno, kupitia Msiri wa Garenganze, nabii Simon Kimbangu, uhuru, Lumumba, kujitenga kwa Katanga, hadi utawala wa Mobutu. Mara tu mchoro unapopata jirani, maana yake inabadilika. Colonie belge ikiwa peke yake ni kilio. Ikiwekwa kabla ya mchoro wa wafanyakazi wa kampuni ya migodi ya Union Minière waliopigwa risasi kwenye uwanja wa mpira Desemba 1941 kwa kugoma wakitaka mshahara, inakuwa sababu. Kazi ya mwanahistoria ni hiyo, kufunga tukio kwa tukio, na yeye aliifanya bila sentensi hata moja ya kuunganisha.

Kisha kuna matumizi ya umbo moja kwa matukio mengi. Katika mfululizo huo mpangilio unarudi tena na tena: jengo la serikali nyuma, bendera juu, kiongozi amesimama pa kuhutubia, umati mbele, askari pembeni. Mtu asiyesoma kwa makini ataona uchovu wa mchoraji. Mimi naona hoja. Bendera inabadilika, sare ya askari inabadilika, rangi ya uso wa mtawala inabadilika, na umati unabaki palepale ulipokuwa. Mbinu ya haraka ya mtu anayechora ili ale inageuka kuwa kauli kuhusu madaraka, na inasema kwa sauti ambayo hotuba ya kisiasa wakati wa Mobutu isingethubutu.

Bendera na sare zenyewe ni ushahidi. Ukizijua bendera za Kongo, unaweza kuutia mchoro tarehe bila kusoma neno. Alizijali kwa sababu wateja wake walizijali: kwa mkazi wa Katanga, bendera ya Tshombe, kiongozi wa kujitenga, yenye misalaba ya shaba si pambo. Wapo waliokimbia makwao kwa ajili yake kati ya Julai 1960, Katanga ilipojitangazia uhuru, na Januari 1963, kujitenga kulipokwisha.

Halafu yapo maandishi. Kwenye mchoro aliandika Kifaransa, majina na tarehe, kama mhuri. Akifungua kinywa alizungumza Kiswahili. Mgawanyo huo haukuwa wa bahati. Kifaransa kilikuwa lugha ya shule, ya mahakama na ya gazeti la serikali, na kukiweka juu ya gunia la unga ni kudai kwamba hii nayo ni hati. Kiswahili kilikuwa lugha ya mgodi na ya sebule, lugha ambayo ndani yake mambo haya yaliumiza. Hati inaonekana, maelezo yanasikika, na anayetaka historia kamili lazima awe na vyote viwili.

Kilele cha kazi yote, kwa maoni yangu, ni mchoro wa kifo cha Patrice Lumumba na wenzake Maurice Mpolo na Joseph Okito, waliouawa tarehe 17 Januari 1961 huko Katanga. Maiti tatu ziko chini. Nyuma, kwa mbali, imesimama misalaba mitatu. Hakuna mtoto wa katekisimu katika mji ule uliojaa misheni za Kikatoliki ambaye angehitaji kuelezwa misalaba ile ni ipi. Tshibumba mwenyewe alimweleza Fabian kwamba machoni pake Lumumba ni Yesu wa Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, aliyekufa katikati ya wawili. Ujasiri wa kiufundi uko katika ukubwa: misalaba ni midogo, iko nyuma, haijaelezwa. Angeiweka mbele, mchoro ungekuwa wa kanisani. Alivyoiweka, ni dhana inayomjia mtazamaji wakati tayari ameshaiona damu. Mchoro uliopatikana kwa kila mhubiri, ule wa Golgota kwenye kalenda na vitabu vya katekisimu, ulimpa lugha ambayo mteja wake aliimiliki tayari. Kumbuka pia kwamba Mobutu alimtangaza Lumumba shujaa wa taifa mwaka 1966. Kumchora hakukukatazwa. Kumchora akiwa amesulubiwa, na kumwacha mtazamaji aulize waliomsulubisha ni akina nani, lilikuwa jambo jingine.

Kuna pingamizi la haki, nalo linastahili kujibiwa. Mfululizo wa michoro 101 haukuwa na mnunuzi mtaani. Hakuna fundi wa mgodini aliyeweza kununua historia nzima. Bila mshahara wa profesa wa kigeni, michoro hii ingebaki ndotoni. Je, basi Tshibumba naye si kama wale wa Le Hangar, akichora kwa ajili ya jicho la Mzungu? Nasema hapana, na kinasa sauti ndicho shahidi. Romain-Desfossés aliwaambia wachoraji wake wasiangalie nini. Fabian aliuliza na kusikiliza, na mara kadhaa katika mazungumzo yao ni mchoraji anayemfundisha profesa. Mpango wa historia ulikuwa wa Tshibumba, mada zilikuwa zimeshapikwa na wateja wa mtaani kwa miaka, na lugha ilikuwa yao. Fedha ilitoka nje. Fikra haikutoka nje.

Pingamizi jingine linatoka kwa wanahistoria. Baadhi ya tarehe na mfuatano wa matukio yake havilingani na vile vya vitabu. Ni kweli, na si vyema kulificha hilo kwa kusema ni msanii tu. Yeye alidai ni mwanahistoria, na tumheshimu kwa kumsahihisha kama tunavyosahihishana sisi kwa sisi. Lakini anayesoma orodha ya makosa tu anakosa kitu kikubwa zaidi: namna watu waliotawaliwa walivyopanga kumbukumbu yao, nini walikiona chanzo na nini walikiona matokeo. Hakuwa peke yake katika hilo. Mwaka 1965 kikundi cha waliokuwa watumishi wa nyumbani mjini humo kilitunga historia ya Elisabethville kwa Kiswahili, ikaandikwa na André Yav, na kuchapwa kwa mashine ya taipu. Boi wa jikoni na mchoraji wa mtaani, ndani ya miaka 10, kila mmoja aliona kwamba historia ya mji huo haiwezi kusubiri wenye shahada.

Sisi wa fasihi ya Kiswahili tunao ugomvi wetu wa kufanana na huu. Tunaweka fasihi pendwa upande mmoja, Musiba na mpelelezi wake Willy Gamba, na upande wa pili tunamweka Kezilahabi, kisha tunafundisha upande mmoja na kuuachia mwingine vibanda vya stendi. Mgawanyo huo unatusaidia kupanga mitihani. Hausaidii kueleza kwa nini kitabu fulani kilisomwa mpaka kikachakaa, wala mbinu zipi zilikifanya hivyo. Tshibumba anatupa kipimo bora: chukua kazi, uliza ilitengenezwa kwa ajili ya nani, mtu huyo aliifanyia nini, na umbo lake lilimwezeshaje kufanya hivyo. Baada ya hapo ndipo useme ni nzito au nyepesi.

Baada ya Tshibumba, dunia ya sanaa ilikuja kuwatafuta wachoraji wa mitaa ya Kongo. Chéri Samba wa Kinshasa, aliyeanza kwa kuchora mabango ya maduka, alionyeshwa Paris mwaka 1989 katika maonyesho ya Magiciens de la terre, na mwaka 2015 Fondation Cartier ya hukohuko iliweka uchoraji wa Kongo wa karibu miaka 90 chini ya paa moja, Pilipili na Mwenze wakiwa jengo moja na Samba. Tshibumba hakuziona siku hizo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 habari zake zilikatika, na hakujulikana alikoishia.

Michoro yake 101 iko Amsterdam, katika makumbusho ya Wereldmuseum, yaliyoitwa Tropenmuseum hadi 2023. Kitabu kilichoieleza, Remembering the Present, kilichapishwa mwaka 1996 kwa Kiingereza. Maneno yake mwenyewe, kwa Kiswahili alichokisema, yaliwekwa kwenye hifadhi ya maandishi ya Kiswahili cha watu iliyoanzishwa na Fabian na wenzake, na yanapatikana kwenye intaneti bila malipo. Lakini mchoro wa ukumbusho uliotenganishwa na sauti yake ni nusu tu, na kwa mtu anayetembea kwenye makumbusho ya Ulaya ndiyo hiyo nusu anayoiona.

Kwa hiyo nawaomba wachapishaji wa Dar es Salaam, Nairobi na Lubumbashi: itoeni kazi hii kama kitabu cha Kiswahili, mchoro ukurasa wa kushoto, maneno ya Tshibumba ukurasa wa kulia, Kiswahili chake cha Katanga kiachwe kama kilivyo, na maelezo machache pale msomaji wa Pwani atakapokwama. Na wewe ambaye kwenu Katanga, au una ndugu Likasi, Kolwezi au Kipushi, uliza kama bado kuna mchoro kama huo kwenye nyumba ya wazee. Ukiukuta, upige picha kwa simu yako, kisha mwombe mzee akuhadithie, na umrekodi.